Kidevu Hakigusi Kifua

Jumapili hiyo Lako alisoma somo la kwanza akiwa amefunika jicho moja kwa kiganja. Waumini wa ibada ya Kiswahili katika kanisa dogo la Gurei, pembeni mwa Juba, walimtazama. Alikuwa msomaji wao tangu kanisa lilipokuwa turubai na miti minne. Alisifiwa kwa sauti iliyofika hadi dukani ng'ambo ya barabara, na kwa kutokwama kwenye majina marefu ya wafalme. Sasa alisoma mstari mmoja mara mbili, akanyamaza, akauanza upya. Kisha alisema, "Herufi zinatembea," akarudi kwenye benchi akishika mabega ya watu mmoja baada ya mwingine.

Wakati wa sala kila mtu aliinamisha kichwa. Lako hakuinamisha. Alikaa wima, macho ameyafumba, uso ameuelekeza kwenye bati la paa, kama mtu anayengoja kunyolewa ndevu. Mkewe, Lilly, alimgusa goti. Kichwa kilibaki juu. Nyuma yao Mzee Eriya, mwenyekiti wa baraza la kanisa, alifumbua macho kabla ya kuitikiwa "Amina", akaona.

"Pombe ya jana bado iko kichwani," mwanamke mmoja alisema pale nje.

"Ya jana?" mwenzake alijibu. "Hiyo ni ya leo asubuhi, mama."

Walicheka. Lilly aliwasikia. Alimshika mumewe mkono, wakaenda nyumbani polepole, kwa sababu Lako aliona barabara mbili na hakujua akanyage ipi.

*

Lako alikuwa mwashi. Wiki hiyo alijenga ukuta uliopinda katikati kama tumbo la ng'ombe, na mwenye nyumba alimwambia aende akalale. Kichwa kilikuwa kimemuuma tangu mvua za kwanza. Kwanza duka la dawa lilimpa vidonge vya malaria. Vilipokwisha, lilimpa vya taifodi. Vya taifodi vilipokwisha, mwenye duka alisema labda ni mawazo, kwa kuwa Juba nzima ilikuwa na mawazo.

Mzee Eriya alikuja na wazee wengine wawili. Walikaa kwenye viti vya plastiki uani. Lilly alileta chai. Mama yake Lako, ambaye nyumba nzima na majirani walimwita Haboba kwa kuwa alikuwa bibi wa watoto wengi, alikaa kwenye mkeka akichambua mboga.

"Ndugu Lako," Mzee Eriya alisema, "hatukuja kuhukumu."

"Basi mmekuja kunywa chai," Lako alijibu.

Mzee mmoja alicheka, kisha akaona kwamba hakutakiwa kucheka.

"Tunaomba upulize," Mzee Eriya aliendelea.

"Nipulize nini?"

"Pumzi. Hapa." Alisogeza pua yake karibu, kwa adabu, mikono nyuma.

Lako alimtazama mtu aliyembatizia watoto. Alifungua mdomo apulize, naye akatapika. Matapishi yalianguka juu ya viatu vyeusi vya Mzee Eriya, vilivyokuwa vimepakwa rangi asubuhi hiyo.

"Malesh," Lilly alisema haraka, akipiga magoti na kitambaa. "Samahani, mzee. Hajala tangu jana. Kichwa kinamsumbua."

"Kichwa cha mlevi huuma, dada yangu," Mzee Eriya alisema. Aliwageukia wenzake. "Mmeona."

Waliamua papo hapo kwamba Lako apumzike kusoma. Walisema neno hilo, apumzike. Waliomba sala fupi. Haboba aliinamisha kichwa, Lilly aliinamisha kichwa, na Lako alitazama juu.

"Hata mbele ya Mungu," Haboba alisema walipoondoka. "Hata kidogo tu, mwanangu, hutaki kushuka."

Lako aliingia ndani. Alitundika shuka dirishani ili kuzuia mwanga.

*

Alimpiga mama yake siku chache baadaye. Haboba alimletea uji na kumwita kwa jina la utotoni. Lako alimuuliza yeye ni nani na ameingiaje. Haboba alidhani ni mzaha, akasogea. Lako aliinua kigoda na kumpiga nacho mdomoni.

Namukasa, Mganda jirani aliyekuwa akikaanga chapati kando ya ua, ndiye aliyefika wa kwanza. Aliwachukua watoto wa Lilly kwake bila kuuliza. Wengine walikuja kutazama. Damu ya Haboba ilikuwa kwenye kanga yake, na meno mawili ya mbele yalicheza.

"Huyu iko majnun," mtu alisema. "Hapana pombe hii. Majnun."

Lilly aliona kwamba neno hilo liliwapa watu ahueni. Mlevi alikuwa aibu ya nyumba. Majnun, mwendawazimu, hakuwa kosa la mtu.

Waliitwa wanaume, na amu Lodu, ndugu mdogo wa marehemu baba yake Lako, alikuja kutoka soko la Jebel na kipande cha kamba mfukoni. Alikuwa akiuza mabati na milango ya chuma, na alizoea kuamua mambo akiwa amesimama.

"Mama Lako, unasemaje?" alimuuliza Haboba.

Haboba alishika mdomo. "Mfunge," alisema. "Leo amenipiga mimi. Kesho atapiga mtoto."

"Na wewe, Lilly?"

Lilly alitaka kusema hapana. Hakuwa na jambo la kuweka baada ya hapana.

"Fanyeni mnavyoona," alisema.

Walimweka Lako katikati ya wanaume wawili juu ya bodaboda, mikono imefungwa mbele. Hakupinga. Lilly alifuata kwa bodaboda nyingine, amebeba viatu vya mumewe. Walimpeleka kituo cha polisi. Jambo hilo lilikuwa la kawaida. Vitanda vya wagonjwa wa akili vilikuwa vichache mno mjini, na familia iliyoshindwa kumlinda mtu wake nyumbani ilimpeleka mahali penye kufuli.

Askari wa zamu aliitwa Dau. Alimtazama Lako kutoka juu hadi chini.

"Mlevi au majnun?"

"Majnun," Lodu alisema.

"Mlevi tunatoa kesho. Majnun anakaa. Nani analeta yeye?"

"Mimi. Mimi amu yake."

"Basi wewe ndiyo utatoa. Hapana bibi yake, hapana mama. Mtu moja analeta, mtu ile ile anatoa." Dau alimwelekezea Lilly kidole, bila ukali. "Asubuhi mama analia, anasema funga. Jioni dada analia, anasema fungua. Halafu usiku ameua jirani. Mimi nimechoka na hiyo maneno. Umesikia, mama?"

"Nimesikia," Lilly alisema.

"Viatu mafi, hapana ruhusa. Rudisha nyumbani."

Alirudi navyo.

*

Lilly alipompelekea chakula alimkuta amelala kando ya ukuta, mbali na mlango, ambako hakukuwa na mwanga. Mfungwa mwenzake, Bior, aliyeshikwa kwa kugombana na mwenye nyumba wake, alisogea kwenye nondo.

"Shemeji, huyu mtu wako mmemkosea jina," alisema. "Mimi nimelala na wendawazimu. Mwendawazimu ananyima watu usingizi. Huyu analala mpaka tunamwekea mkono puani kuangalia kama anapumua."

"Anakula?"

"Anatapika. Jana alinisomea Biblia nusu saa, bila kitabu. Leo hajui jina lake. Nimempa jina la mjomba wangu, amekubali."

Bior alicheka peke yake, kisha akaacha.

Dau alimruhusu Lilly kuingia kwa muda wa kumlisha. Alimketisha mumewe, akaweka kikombe midomoni. Maji yalimwagika kidevuni. Aliweka kiganja nyuma ya kichwa cha Lako na kukisukuma mbele kidogo, kama alivyowafanyia watoto walipokuwa wachanga. Kichwa hakikuenda. Shingo ilikuwa kama ubao. Alisukuma tena, na magoti ya Lako yalijikunja yenyewe, na sauti ilimtoka ambayo haikuwa ya mtu aliyekasirika.

Lilly aliondoa mkono. Alikaa pale akiwaza kanisani, na wazee uani, na sala zote za chakula tangu mvua za kwanza. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipokiona kidevu cha mumewe kifuani. Hakukumbuka.

"Muda," Dau alisema kutoka mlangoni.

*

Alikwenda moja kwa moja kwenye zahanati moja ya Munuki. Daktari aliyekuwepo alikuwa mwanamke kijana aitwaye Nyagai. Alilelewa Nairobi, na alisema Kiswahili cha huko, haraka haraka. Lilly alimweleza mambo bila mpangilio: kigoda, barabara mbili, shuka dirishani, kichwa kinachokataa kuinama.

"Anakohoa?"

"Hapana."

"Amekonda? Jasho usiku?"

"Tulisema ni joto."

"Hebu nionyeshe vile kichwa inakataa."

Lilly alionyesha kwa kichwa chake mwenyewe. Alikaza shingo na kujisukuma kwa mkono. Aliona aibu kuigiza mbele ya daktari, lakini Nyagai hakucheka. Aliweka kalamu chini.

"Bwanako yuko wapi saa hii?"

"Polisi."

"Nani alimshika?"

Lilly alitazama sakafu. "Tulimpeleka sisi."

Nyagai alivuta kiti karibu. Alikuwa amesikia jibu hilo kabla, kwa watu wengine.

"Sikiza, mama. Ubongo imefunikwa na utando. Huo utando ukishikwa na ugonjwa, mtu anaona vitu mbili mbili, shingo inakauka, anabadilika tabia, anapiga hata mamake. Si yeye. Kuna magonjwa kadhaa yanaleta hiyo. Kwa vile imekuja polepole hivi, mimi naogopa ni kifua kikuu."

"Kifua chake ni kizima."

"Kinaingilia kifuani, lakini si lazima kikae hapo. Damu inakibeba. Kinaenda mgongoni, kinaenda kichwani. Kikifika kichwani hakingoji mtu." Alisimama. "Mchana nitakuwa kwa wodi, hospitali kubwa. Mlete leo."

"Askari anamtaka amu."

"Basi lete huyo amu. Kesho ni mbali."

*

Lodu alikuwa akimwonyesha mteja mlango wa chuma wenye maua. Alimwona Lilly na kuendelea kuzungumza hadi mteja alipoondoka.

"Haiwezekani," alisema alipomaliza kusikiliza. "Juzi majnun, leo mgonjwa. Kesho mtaniambia nini? Mimi nimesimama mbele ya serikali, nimesema huyu ni majnun. Nirudi niseme nilidanganya?"

"Useme hukujua. Mimi pia sikujua."

"Na akinipiga?"

"Hawezi kusimama, amu."

Lodu alishusha sauti. "Hapa sokoni nimesema ameenda Nimule kujenga. Watu wanamuulizia. Ukimtoa, watamwona. Mwache apoe huko. Akipoa nitakwenda mimi mwenyewe. Kalas, yamekwisha."

Mteja mwingine aliingia. Lodu alimgeuzia Lilly mgongo, na Lilly alitoka.

Haboba alikuwa mkekani, mdomo umevimba. Lilly alimwambia yote, pamoja na magoti yaliyojikunja. Haboba alisikiliza hadi mwisho. Aliinuka, akafunga kanga vizuri, akasema, "Niitie bodaboda."

Alipofika dukani kwa Lodu hakumsalimu mtu. Alikaa chini kwenye vumbi, katikati ya mlango, akanyoosha miguu mbele. Alivua kitambaa cha kichwa na kukiweka mapajani. Wanawake wote wa Jebel waliujua mkao huo. Hivyo ndivyo mama anavyokaa kwenye matanga ya mwanawe.

Muuza chai wa karibu alikuja wa kwanza. Alipiga magoti na kumshika mkono. "Pole, mama. Nani amekufa?"

"Sijui bado," Haboba alisema. "Namngoja Lodu aniambie."

Muuza misumari alivua kofia. Wachukuzi wawili walitua mizigo, wakampa mkono Haboba, kisha wakampa mkono Lodu, ambaye aliipokea mikono hiyo kwa sababu hakujua namna ya kuikataa. Mtu alileta viti vya plastiki. Mtu mwingine aliuliza kama turubai limetafutwa.

"Mama Lako, simama," Lodu alisema. "Unaniletea kifo dukani."

"Hapa sijaleta kitu. Wewe ulikibeba kwa bodaboda, ukakipeleka polisi."

"Si wewe uliyesema nimfunge?"

"Ni mimi," Haboba alisema, kwa sauti ambayo watu wote waliisikia. "Nilikuambia mfunge. Sasa nakuambia mfungue."

Muuza misumari alirudisha kofia kichwani. Alikuwa ameelewa kwamba hakuna maiti, na kwamba kulikuwa na jambo zaidi ya maiti. Hakuondoka. Hakuna aliyeondoka.

Lodu alitazama viti, vyote vikiwa vimekaliwa. Alifunga duka.

*

Dau alimtoa Lako bila maneno mengi. "Mtu ile ile," alisema, akimtazama Lodu, akafungua. Bior na Dau walimbeba hadi kwenye gari la abiria lililokodiwa. Lako hakufumbua macho.

Wodini Nyagai alikuwa akingoja. Alimpima macho kwa tochi, akaijaribu shingo, akaona magoti yakijikunja. Kisha alieleza kwamba angechoma sindano chini ya mgongo na kutoa maji kidogo.

"Hapana," Lodu alisema. "Watu wanachomwa mgongo hapana kutembea tena. Mimi najua mmoja, kule Gudele."

"Huyo alikuwa anatembea kabla achomwe?"

Lodu alifikiri. "Alikuja amebebwa."

"Basi si sindano."

"Mimi ndiyo nimemtoa. Mimi ndiyo mkubwa wake. Nasema hapana."

Nyagai alimgeukia Lilly. Haboba pia alimgeukia Lilly. Mara hii aliulizwa hata baada ya mkubwa wa ukoo kukataa, na hakuhisi fahari yoyote. Alihisi uchovu wa mtu aliyebeba ndoo na kuambiwa aongeze nyingine.

"Mchome," alisema.

Lodu alitoka nje. Alirudi pale maji yalipoanza kushuka ndani ya kichupa, tone baada ya tone. Aliinama kutazama. Yalikuwa maangavu, hayana rangi wala usaha.

"Ona," alisema, na uso wake ulilegea. "Safi. Maji ya kunywa. Hana kitu."

"Ugonjwa huu mara nyingi unakuja na maji safi hivi," Nyagai alisema. "Macho hayatoshi." Hakungoja maabara. Alianza dawa jioni hiyo, za kifua kikuu na nyingine za kupunguza uvimbe wa ubongo.

Majibu yalipokuja, yalikuwa yale aliyoyaogopa daktari.

"Atapona?" Lilly aliuliza.

"Ugonjwa utaondoka, akimaliza dawa. Ni mwaka mzima, asiruke hata siku moja."

"Nimeuliza yeye."

Nyagai alivua glavu. "Kile ubongo imepoteza siwezi jua saa hii. Tungempata mapema ingekuwa rahisi."

"Mapema lini? Kabla ya polisi?"

Daktari aliandika tarehe kwenye faili. Lilly hakulirudia swali.

Lako alikaa wodini hadi mvua zilipokaribia kwisha. Mkojo wake uligeuka rangi ya chungwa, na Haboba alidhani ni damu hadi alipoambiwa kuwa ni dawa. Lako alifumbua macho. Alijifunza kukaa, kisha kusimama kwa kushikwa. Mkono wa kushoto ulibaki umejikunja. Alimjua Lilly siku moja na kumsahau siku ya pili. Lodu alileta maziwa na mikate. Alikaa mbali na kitanda, akatazama saa, akaondoka. Siku Nyagai alipokiweka kiganja nyuma ya kichwa cha Lako na kidevu kikashuka taratibu hadi kifuani, yeye na Lilly walitazamana, na Lilly aliomba arudie.

*

Jumapili ya kwanza nyumbani, Mzee Eriya alikuja baada ya ibada, amevaa viatu vile vile vyeusi. Alikuja peke yake. Alisimama uani kwa muda kabla ya kuketi.

"Ndugu Lako, tulikosea," alisema. "Nilikunusa kama mbwa. Nisamehe."

Lako alimtazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mgeni wa jirani.

"Anakusikia," Lilly alisema. Hakuwa na hakika.

Lilly aliandaa ugali wa asida na kudura, mboga ya majani aliyoipenda mumewe. Namukasa alileta chapati, akaambiwa abaki. Walinawa. Watoto walikaa karibu na bibi yao. Mzee Eriya alipangusa mikono, akakohoa kidogo.

"Nafasi yako ya kusoma ipo," alimwambia Lako. "Hatujampa mtu. Lakini leo tuanze na kidogo. Utuombee chakula, ndugu."

Watoto walishusha mikono. Kisha Lako aliinamisha kichwa. Kilishuka bila kusukumwa, bila maumivu, kidevu kikatulia juu ya kifua. Haboba alivuta pumzi. Wote walifumba macho na kuinama wakingoja.

Walingoja. Mvuke wa asida ulipungua. Mtoto mmoja alifumbua jicho, akalifumba tena. Bodaboda ilipita barabarani na sauti yake ikaisha. Mzee Eriya alisogeza midomo, kama mtu anayetaka kumpa mwenzake neno la kwanza, kisha akaacha. Hakuna kilichotoka kwa Lako isipokuwa pumzi.

"Amina," Haboba alisema hatimaye.

"Amina," walisema.

Mikono ilikwenda kwenye sinia. Lako peke yake alibaki ameinama. Lilly alimngoja kidogo. Kisha alimwinulia kidevu kwa vidole viwili, akampa tonge la kwanza.